Waliomrudishia Nakijwa Tonge

Sogeeni karibu, mkubwa kwa mdogo, na anayetafuna amalize kwanza kutafuna, maana hadithi ya leo ni ya koo. Kuisimulia nitaisimulia. Kuimaliza siwezi, hilo nawaachia nyinyi.

Katika milima ya Upare, upande ule wanakolima tangawizi, walikuwako wanawake watatu, na kila mmoja alikuwa na chake alichojaliwa.

Tumsifu alijaliwa macho. Alikuwa fundi cherehani, na ukipita mbele ya kibaraza chake mara moja tu, alijua bega lako lipi limeshuka na kiuno kimeongezeka kiasi gani tangu Pasaka. Mwanaidi alijaliwa mikono. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni, mtu wa kupikia wanafunzi mia tatu pasipo kuonja, na chakula kikatoka na chumvi yake sawasawa. Wa tatu ni Elinaja, msukaji wa vikapu. Huyu watu walisema hakujaliwa kitu. Alikuwa na kigugumizi kizito, salamu tu ilimchukua muda wa mtu kuvuka daraja, basi watu wakazoea kummalizia maneno yake na yeye akazoea kuwaachia. Alichokuwa nacho ni subira. Lakini subira ni kitu ambacho watu hawakioni mpaka siku kinapohitajika.

Sasa huyo aliyewahitaji wote watatu aliitwa Nakijwa, mjane wa miaka hamsini na minane. Marehemu mumewe alikuwa kaka yake Tumsifu, kwa hiyo hao wawili walikuwa mawifi, na kwa uwifi wao walielewana. Nakijwa alipenda mambo mawili duniani, kula na kuzungumza, na aliyafanya yote kwa pamoja. Ukimwekea makande, mahindi na maharage yaliyotokota tangu alfajiri, alisimulia huku akitafuna na kucheka huku akimeza. Waliokula naye walishiba mara mbili. Elinaja akijaribu kusema neno mezani, Nakijwa ndiye aliyekuwa wa kwanza kummalizia. Hakuwa na muda wa kungoja.

Mwaka mmoja, msimu wa kung'oa tangawizi, koo lake likaanza visa.

Lilianza taya. Akifika nusu ya sahani linachoka, hata akawa anashika kidevu kwa kiganja ili lipande na kushuka. Kisha maji. Akinywa jioni, maji yanatokea puani. Kisha sauti yenyewe, ikifika magharibi inakuwa ya mtu aliyebanwa pua. Siku ya karamu ya kipaimara cha mtoto wa jirani, alipaliwa na wali mbele za watu. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, wanawake wawili wakampigapiga mgongoni, na nyuma yao mtu akasema, kwa sauti ya kusikika, "Tamaa hiyo. Si ameshazoea kula huku anaongea?"

Tangu siku hiyo Nakijwa hakula tena mbele za watu. Wakimkaribisha, anasema, "Nimeshiba." Uongo huo ndio kitu pekee kilichokuwa kinapita kooni mwake bila shida. Zahanati walimtazama koo asubuhi, hawakuona kidonda, wakampa vidonge ambavyo havikumezeka. Wengine walisema amerogwa. Shemeji yake mmoja alisema amesusa tu. Na yeye mwenyewe, akiwa peke yake mbele ya bakuli lililopoa, alianza kuamini kwamba mwili wake umeamua kufa na haukumpa taarifa.

Jioni moja Tumsifu alikuja kumpima gauni la kuvaa kwenye harusi ya jirani. Alipozungusha futi kiunoni, aliiondoa akaizungusha tena. Alirudi kesho yake asubuhi, bila futi.

"Wifi, leo umekunywa nini?"

"Uji. Na kiazi."

"Ukamaliza?"

"Nilimaliza."

"Na jana jioni?"

Nakijwa akaanza kukunja pindo la khanga yake.

"Jana jioni kope ya kushoto ilikuwa imekufunika nusu ya jicho," Tumsifu akasema. "Sasa hivi iko juu kama yangu. Sijui ni ugonjwa gani, wifi, lakini ugonjwa huu unakwenda kwa saa."

Kwa wiki mbili alikuja asubuhi na jioni, na alichokiona akakiandika kwa penseli kwenye karatasi ya kukatia nguo: asubuhi kope juu, sauti safi, bakuli zima, jioni kope chini, sauti puani, vijiko vitatu. Halafu akafunga cherehani yake katikati ya msimu wa harusi, akamteremsha wifi yake tambarare hadi hospitali kubwa ya mjini. Daktari wa kwanza alitazama koo, hakuona kitu. Wa pili alikunjua ile karatasi akaisoma mpaka chini. Akamwambia Nakijwa atazame dari asipepese. Haikupita dakika mbili, kope zikaanza kushuka zenyewe, polepole.

"Mama, koo lako halina kidonda," daktari akasema. "Wala hujarogwa. Huu ni ugonjwa wa misuli. Misuli yako ipo, ila inachoka upesi kuliko ya wenzako, na ya kumezea ni misuli vilevile. Karatasi hii kaandika nani?"

"Wifi yangu."

"Basi mshukuru. Ungekaa nyumbani mwezi mwingine, tungekuwa tunazungumza habari ya kupumua, si ya kula."

Akapewa dawa za kumeza nusu saa kabla ya chakula, ili misuli iamke kabla haijaitwa kazini. Muuguzi akamfundisha namna ya kuketi na kumeza. Nakijwa akarudi mlimani akiwa na jina la ugonjwa wake, na hilo peke yake lilikuwa faraja. Hakuwa mlafi. Hakuwa amesusa. Alikuwa mgonjwa.

Lakini jina la ugonjwa halishibishi. Dawa zilirudisha nguvu kidogo kidogo, koo likabaki nyuma. Na watu wa nyumbani, kwa upendo wao, wakamletea uji mwepesi kama maji, si mnajua, mgonjwa haulizwi uji. Uji ule mwepesi ulikimbia kuliko koo lilivyoweza kuufuata, ukaingia njia ya hewa. Akapata homa ya mapafu, akalazwa siku tisa. Alipotoka alikuwa mifupa ndani ya khanga, na akikiona kijiko anafunga mdomo.

Hapo ndipo Mwanaidi alipopanda kwake, ametoka jikoni kwa wanafunzi wake, harufu ya moshi bado iko kwenye nguo. Akauonja ule uji, akautazama ukichuruzika kwenye kijiko, akautupa nje.

"Dada yangu, chakula chako kisikukimbie, na kisikugandie," akasema. "Tutakitafuta cha katikati."

Akawa anainua kijiko na kukiinamisha. Kikichuruzika, anarudisha jikoni. Kikining'inia kisianguke, anarudisha jikoni. Kikidondoka chote kwa pamoja, kizito, bila haraka, hapo anasema, "Haya." Akapika mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, akauchuja. Akaponda parachichi kwa maziwa. Hata chai aliifanya nzito. Mambo hayo yote aliyafanya baada ya kazi yake na kabla ya kazi yake, na hakuna aliyemtuma.

Kitu kilichomtesa ni makande. Nakijwa hakuyaomba, lakini Mwanaidi aliona anavyogeuza uso yanaponukia kwa jirani. Mara ya kwanza aliyaponda yakawa gundi. Mara ya pili ganda la harage lilibaki, Nakijwa akasakamwa, wote wawili wakalia. Mara ya tano, au ya sita, alikoboa mahindi kwenye kinu, akamenya harage moja moja, akachemsha vikapasuka, akasaga, akachuja, akarudishia maziwa na kitunguu kilichokaangwa. Nakijwa akaweka ncha ya kijiko ulimini. Akafumba macho.

"Ni yenyewe," akasema. "Mwanaidi, ni yenyewe!"

Hata hivyo, chakula kilicho kwenye bakuli si chakula kilicho tumboni. Mlo mmoja sasa ulichukua saa nzima na zaidi. Tumsifu alikuwa na nguo za watu. Mwanaidi alikuwa na watoto mia tatu. Majirani waliokuja kukaa na mgonjwa walikuja na habari, wakamchekesha, na akicheka anapaliwa. Au walimhimiza, "Jitahidi mama, kula, kinapoa," na akiharakisha anapaliwa.

Elinaja alikuja na kikapu alichokuwa bado anakisuka. Akaketi. Hakuleta habari yoyote. Alikuwa ameyasikiliza mafunzo ya muuguzi mara moja tu, kutoka kwa Tumsifu, na aliyashika yote: keti wima, kijiko kidogo, kidevu kifuani, meza, meza tena bila kitu, vuta pumzi.

"M-m-m... meza," alisema Elinaja.

Nakijwa akameza.

"T-t-t... tena."

Akameza tena. Na hapo, jamani, likatokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Muda ambao neno la Elinaja lilihitaji kutoka ndio muda ambao koo la Nakijwa lilihitaji kupumzika. Watu wengine wote walikuwa wanasema haraka mno kwa koo lile. Elinaja alisuka mstari mmoja kwa kila kijiko, mara tatu kwa siku, mwezi wa kwanza, wa pili, wa nne. Siku moja punje iliyoponyoka kwenye chujio iliteleza ikaziba njia ya hewa, Nakijwa akakosa hewa na midomo ikabadilika rangi. Elinaja alimwinamisha mbele akampiga katikati ya mabega kwa kiganja, mara tano kwa nguvu zake zote, ikatoka. Kisha akaokota kikapu chake akaketi, wakaanza upya.

Lakini siku iliyokuwa nzito kuliko hiyo ni siku Nakijwa alipousukuma mlo.

"Niache. Nimechoka kulishwa kama kifaranga."

"Hu-hu-hulishwi," alisema Elinaja. "U-u... una..."

Nakijwa alitaka kummalizia, kama alivyommalizia miaka thelathini. Lakini tonge aliloongea nalo kwa hasira bado lilikuwa mdomoni, limeanza kuteleza, na kwa amri ya muuguzi mdomo wenye chakula hausemi. Ikabidi angoje. Alingoja, akimtazama mwenzake akihangaika na neno kama yeye anavyohangaika na tonge, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

"...una-j-jilisha," Elinaja akamaliza.

Nakijwa akameza. Akameza tena. Akavuta pumzi.

"Nisamehe, Elinaja," akasema. Halafu akavuta bakuli.

Mwaka ulipogeuka, Nakijwa alikuwa amerudi kuwa mtu. Sitawadanganya kwamba alipona. Anameza dawa zake kila siku, mchana analala, mlo mkubwa anaula asubuhi misuli ikiwa imeamka, na stori zake anazisimulia baada ya kula, zote kwa mfululizo, huku watu wakimngoja. Lakini gauni la harusi alilopimiwa lilimkaa. Kila alipomaliza bakuli alisema asante kwa sauti, na ukimuuliza anamshukuru nani, anacheka. "Ni wengi. Wa juu, halafu wale watatu."

Ndipo binti yake Niendiwe, aliyeolewa Babati, akajifungua mtoto wa kike. Akapiga simu.

"Mama, ukweni wamenipa heshima ya kuchagua jina la nyumbani, lile atakaloitwa kila siku ya maisha yake. Mwaka jana nilikuwa nimeshaanza kukulilia. Leo mtoto wangu ana bibi. Nataka aitwe jina la aliyekurudisha. Taja wewe."

"Mwanangu, ni watatu."

"Mama, mtoto ni mmoja. Ukimwita aje kula, utaita majina matatu chakula kipoe? Chagua moja. Siku ya saba tunalitangaza."

Nakijwa akawaalika wote watatu, akapika mwenyewe, akawaeleza. Alidhani watagombania. Haikuwa hivyo.

"Mimi nilitazama tu," alisema Tumsifu. "Macho hayajazi tumbo. Ungekuwa na karatasi yangu na uji wa maji, tungekuzika nayo. Mpe Mwanaidi."

"Mimi nilijaza bakuli tu," alisema Mwanaidi. "Bakuli nilikuwa naliacha limejaa nikilikuta limejaa, mpaka alipokuja wa kukaa naye. Na ile siku ya punje, mimi nilikuwa wapi? Mpe Elinaja."

Wote wakamgeukia Elinaja, na hakuna aliyemmalizia neno.

"B-b-bila dawa," alisema, "n-ningekuwa na-namngoja t-tu afe. T-Tumsifu ndiye a-aliyejua. Mpe T-Tumsifu."

Likawa duara. Nakijwa alilia na kucheka, akiangalia sana asivichanganye na kumeza.

Basi wasikilizaji wangu, msiniambie wote walisaidia, hilo hata kuku wa Nakijwa wanalijua. Yuko atakayesema ni Tumsifu, maana aliona ugonjwa pale wengine walipoona tabia, na asiyeonekana ugonjwa wake hatibiwi. Yuko atakayesema ni Mwanaidi, maana dawa huamsha misuli lakini mtu huishi kwa chakula, na yeye alimrudishia hata hamu ya kuishi. Na yuko atakayesema ni Elinaja, maana macho hutazama mara moja, mikono hupika mara moja, lakini yeye alikuwapo kila kijiko.

Leo ni siku ya sita. Huko Babati mtoto amelala, ananyonya na kumeza vizuri kabisa, na bado hana jina. Nakijwa ameshika simu mkononi.

Je, wewe ungetaja jina la nani?