Dola za Mama Nadupoi

"Anayekuongezea bei bila kuombwa, amesikia usichosikia." Ndivyo nilivyomwambia yule bwana aliyetaka kiwanja changu asubuhi, nanyi wajukuu zangu mkanikunjia uso kana kwamba nimemtukana mgeni. Mnauliza maneno hayo yametoka wapi. Yametoka hapa hapa Namanga, na yalianza hivi.

Mwaka ule wa ugonjwa, kabla hatujajua hata barakoa ni kitu gani, jirani yangu Mama Nadupoi alikuwa akiwauzia shanga watalii pale mpakani. Dola alizopata alizifunga kwenye pindo la kanga. Zilikuwa za ada ya bintiye, aliyebakiza muhula mmoja chuo cha uuguzi, na zilikuwa bado hazijatosha.

Parkepu, mbadilisha fedha, tulimjua vizuri. Anakutajia bei ya chini, unasonya, unaondoka, anakuita, ndipo mnaelewana. Lakini siku moja hakungoja kufuatwa. Alipita kwa kila muuza shanga akitaka dola, tena kwa bei ya juu kuliko ambayo yeyote angethubutu kuitaja. Wanawake walimshukuru, wakauza zote. Mama Nadupoi akashika pindo lake.

"Umesikia nini, Parkepu?"

"Nisikie nini tena, yeyo, mama yangu? Nawasaidia tu."

"Binti yangu alipolazwa nilikuomba uniongezee kidogo, ukasema biashara haina undugu. Undugu huu umeanza lini?"

Parkepu akacheka, lakini hakumtazama usoni. Wauza shanga wenzake wakamcheka Mama Nadupoi, wakisema ana roho ya kushuku hata mvua.

Kumbe madereva wa watalii walikuwa wamemnong'oneza Parkepu kwamba wageni wanafuta safari kwa kuogopa ugonjwa. Haukupita muda, mpaka wa nchi ukafungwa. Watalii hawakuja, dola hazikuingia, na wenye kuagiza mizigo ng'ambo wakazisaka kama dawa. Bei ikapanda, ikapanda tena. Waliouza walilia, na mimi niliwaonea uchungu. Mama Nadupoi alingoja mpaka zilipotosha ada, akaziuza. Nesi aliyewachoma sindano juzi ndiye binti huyo.

Sasa huyu bwana wetu. Nilimtajia bei, hakuomba nipunguze hata kidogo, akaongeza mwenyewe. Chai nimempa, kiwanja sijampa. Kesho nendeni ofisi ya ardhi mkaulize kama kuna barabara mpya itakayopita karibu na kiwanja hicho. Anayekuongezea bei bila kuombwa, amesikia usichosikia.