Nakiete Aliyepasua Mwamba wa Lukozwe

Enyi watu wa Lukozwe, mliojenga nyumba juu ya nyumba kutoka bondeni hadi kileleni, haya ni ya zama za mababu wa babu zetu, mji huu ulipokuwa bado hauna jina. Mlimani palikuwa na vijiji vitatu visivyoamkiana: wahunzi kileleni, wakulima wa migomba kiunoni, wachuuzi wa chumvi miguuni, kila kimoja na lugha yake na makaburi yake. Nakiete, binti wa Mshangama mhunzi, mwanamke wa miraba minne aliyeinua fuawe la baba yake peke yake, alizaliwa na mama wa chumvini akaolewa migombani, na kote huko aliitwa mgeni.

Mwaka mmoja ardhi ilitetemeka, mwamba ukaporomoka ukaziba chemchemi ya kileleni iliyonywesha vijiji vyote vitatu. Maji yakawa ya kuchota mwendo wa siku nzima. Wachuuzi walisema wahunzi wameyafunga makusudi. Wahunzi walisema wakulima wameroga. Kufikia mwezi wa pili vijana walikuwa wananoa mikuki.

Ndipo Nakiete akapanda, akauzungushia mwamba moto wa magogo kwa siku mbili, kisha akawaita wazee wa vijiji vyote.

“Jiwe la moto likimwagiwa maji hupasuka,” akasema. “Nimeliona hilo kwa baba. Leteni maji mliyobakiza.”

Mzee Kirita, mkuu wa wahunzi, akatikisa kichwa. “Mwanangu, maji hayo ni ya watoto. Na lisipopasuka?”

“Lisipopasuka, baba, tutakufa kwa kiu, lakini hatutakuwa tumeuana. Naanza na ya kwangu.”

Akamwaga mtungi wa maji ambayo binti yake mchanga, Kinazi, alikuwa anyweshwe siku ile. Jiwe likatoa mvuke tu. Kisha wanawake wa chumvini wakapanda na mitungi yao, wakafuata wakulima, na mwisho Kirita mwenyewe akaja na chungu chake. Hapo ufa ukaonekana, mwembamba kama uzi. Nakiete akatwaa nyundo ya baba yake, akawaamuru wote wasogee mbali, akapiga hadi mwamba ukapasuka. Maji yakatoka na tope na mawe, yakamzoa, yakateremka naye.

Vijiji vitatu vilimtafuta siku nne, vikiliita jina lake kwa lugha tatu. Hakuonekana, hata nguo yake haikuonekana.

Waliomtafuta pamoja walichimba mifereji pamoja, na mikuki ikarudishwa kwa wahunzi ikafuliwa kuwa majembe. Kinazi alinyonyeshwa kwa zamu katika vijiji vyote, na alipoposwa, wazee walioipokea posa walitoka kileleni, kiunoni na miguuni. Kizazi chake ndicho kinachosimamia mifereji yetu. Na njia aliyopita na maji hakuna aliyethubutu kuijengea. Ndiyo barabara yetu kuu, na wageni wakiuliza mbona imepinda hivyo, huambiwa kwamba Nakiete alipita hapo.