Kete za Mwana Shungi

“Kete ukiila, ipande,” Bi Mwatima aliwaambia wajukuu zake. Walikuwa wameteka mji katika mchezo wa vita kwenye simu, na sasa simu inawauliza: wauchome au wautawale? Chonge, mmoja wao, alishapeleka kidole kwenye alama ya moto.

“Bibi, na methali hiyo imetoka wapi tena?” Chonge aliuliza.

“Kaeni kitako. Simu iweke chini, mji wako hautakimbia.”

Methali hii ilianza hivi. Mwinyi Ngwali alipenda vitu viwili, vita na bao. Alipouteka mji wa Kitongani aliamuru wenyeji wote watoke kabla ya jua kuchwa, kisha nyumba zichomwe. Watu wakawa wanafunga vikapu huku wanalia. Yeye akaweka bao barazani, akamwita mkuu wa mji, Mwana Shungi, bibi aliyesifika kwa mchezo huo, wacheze. Jeuri ya mshindi hiyo, si kitu kingine!

Wakacheza, huyu anakula, yule anakula. Mara Mwana Shungi akala kete za Mwinyi, lakini badala ya kuzipanda kwenye mashimo yake, akazitupa uani. Akala tena, akatupa tena. Kuku wakazikimbilia, wakidhani mahindi.

“Astaghafiru! Bibi, una wazimu?” Mwinyi alifoka. “Kete ukiila, ipande! Ukizitupa utacheza na nini?”

“Nawe mji utautawala na nani, Mwinyi? Na majivu?”

 Mwinyi alitazama mashimo yaliyobaki matupu, mchezo mtamu umeharibika. Alijua bibi kasema kweli, na ilimuuma. Lakini hofu nayo ilikuwa imemkaa rohoni.

“Nikiwaacha, si watanigeuka?”

Mwana Shungi akachota kete kwenye shimo la Mwinyi, akammiminia kiganjani. “Humu zimo ulizokula kwangu, na zimo zako za tangu mwanzo. Haya, nitolee zangu.”

Mwinyi akazigeuza, akazigeuza tena. Zote mbegu za komwe, zote za kijivu. 

“Siwezi,” alisema mwishowe. “Zikishapandwa, zote ni zangu.” Kisha akawageukia askari wake. “Zimeni mienge. Waambieni watu wafungue vikapu, kila mtu arudi nyumbani kwake.”

Hapo Bi Mwatima akamaliza hadithi. Chonge akaokota simu. Mji wake ulikuwa bado unangoja jibu. Safari hii kidole hakikwenda kwenye alama ya moto, kilikwenda kwenye kutawala.

“Kete ukiila,” alisema polepole, “ipande.”