Fisi Mwenye Leseni ya Kupiga Ukelele

— Hadithi ninayo!
— Ilete tuione!
— Nimeikuta njiani!
— Imevaa nini?
— Imevaa waya shingoni, imeshika karatasi mkononi!
— Basi ikaribie, ikae, iseme!

Ahaa! Leo mmeitikia. Jana mliitikia kama watu wanaoumwa meno. Kibwana, acha kuvuta mkeka, kaa kitako.

Hapo kale, si kale sana, maana umeme ulikuwa umeshafika, palikuwa na bonde. Bondeni palikuwa na jabali, na juu ya jabali aliishi Pimbi. Pimbi mnamjua? Mdogo, mnene, mkia hana, masikio kama vifungo vya shati. Ukimwona utasema huyu akili yake haijai kijiko. Shauri yako.

Kazi ya Pimbi ilikuwa kukaa juu ya jabali na kuangalia. Akiona hatari anapiga ukelele. Kwi! Kwi! Kwi! Wadogo wote wa bondeni wanakimbia kujificha. Hakufundishwa na mtu, hakulipwa na mtu. Mama yake alipiga, bibi yake alipiga, na yeye akapiga.

Tena alikuwa mdadisi, huyo! Akiona kitu lazima aulize. Hiki nini? Kimetoka wapi? Kwa nini kiko hivi? Wenzake walimkimbia, maana ukisalimiana naye asubuhi mnaachana adhuhuri.

Basi, umeme ulipovutwa kutoka kwenye maporomoko, Fisi akaenda kwa Mwenyekiti Nyati.

"Mwenyekiti, bonde letu limeendelea. Haifai kila mwenye mdomo apige kelele ovyo. Nyaya na ving'ora vinataka fundi, na fundi anataka leseni."

Nyati si mbaya, ila kufikiri kwake ni kwa taratibu. Akauliza, "Leseni inatolewa na nani?"

"Na ofisi."

"Ofisi iko wapi?"

"Nitaifungua mimi. Wewe usijisumbue, mzee wangu."

Akaifungua. Meza moja, kiti kimoja, muhuri mmoja. Wa kwanza kuomba leseni alikuwa Fisi. Wa kumtahini Fisi alikuwa Fisi. Akajiuliza swali, akajijibu, akajipa pongezi. Paa! Muhuri ukapigwa. Leseni ya daraja la kwanza! Kisha sheria ikatangazwa: asiye na leseni asifunge waya, asifunge king'ora, wala asipige ukelele wa hatari kwa mdomo wake. Atakayepiga atahama bonde, yeye na watoto wake.

Pimbi alikuwa na watoto wawili. Ahame aende wapi? Nje ya bonde kuna chui mpaka basi.

Siku ya tatu ya sheria, mchana, jua kali, watu wamesinzia, Pimbi akamwona Fisi ananyata kwenda kwa jirani yake, Mama Kanga. Tu, tu, tu. Pimbi akafungua mdomo. Fisi akainua macho, akamwona.

"Leseni unayo?"

"Sina."

"Basi funga mdomo."

Pimbi akafunga mdomo. Fisi akachukua kifaranga mmoja akaenda zake.

Jioni Mama Kanga akaja jabalini. "Dada, ulimwona?"

"Nilimwona."

"Na ukanyamaza?"

"Nikanyamaza."

Mama Kanga akageuka akarudi kwake. Pimbi akaona aibu, jamani, aibu ya kukosa pa kuweka uso. Akalia mpaka watoto wake wakaogopa. Akajiambia: lazima nipate njia ya kupiga ukelele, ama sivyo kesho ni hawa wangu.

Asubuhi akaenda ofisini. "Naomba leseni."

"Lete picha," akasema Fisi.

Akaleta picha. "Picha haina shingo. Lete nyingine."

Sasa pimbi shingo atoe wapi? Akajivuta, akajinyoosha, akaleta nyingine.

"Sawa. Lete barua ya uzoefu wa miaka ishirini."

"Mheshimiwa, mimi nina miaka saba tangu kuzaliwa."

"Ndiyo hivyo. Kazi hii si ya watoto." Nge-nge-nge! Akacheka huku akiigonga meza. Lakini haikuyumba, na Pimbi, kwa udadisi wake, akainama kutazama kwa nini haiyumbi. Chini ya mguu wa meza kuna kitabu.

"Mheshimiwa, hicho kitabu ni cha nini?"

"Ni kanuni za umeme. Zilikuja pamoja na nguzo."

"Umezisoma?"

"Za nini? Meza imetulia, inatosha."

"Naomba niazime. Nitakuwekea jiwe."

"Chukua, chukua, unanipotezea muda."

Pimbi akasoma siku tatu. Alisoma akila, alisoma akinyonyesha. Kila ukurasa anasema, "Ehe? Kumbe!" Akafika kanuni ya tisa. Imeandikwa hivi: waya mwekundu umebeba umeme, usiuache uchi. Waya wa kijani ufungwe kwenye chuma, uteremke mpaka ardhini, ili umeme ukitoroka upitie huko. Mwekundu ukigusa chuma, na wa kijani haupo, chuma kizima kitauma. Pimbi akaisoma mara nne. Kisha akafunga kitabu, akaenda kwa Fisi.

"Mheshimiwa Fundi, naomba unifungie king'ora nyumbani kwangu. Nina watoto wawili, wamenona, nawaogopea."

Fisi mate yakamjaa. "Wamenona kiasi gani? Nauliza kwa ajili ya vipimo."

"Hata kutembea ni shida."

"Nitakufungia bure, bibie. Pamoja na uzio na geti la chuma. Ufunguo mmoja wako, mmoja utakaa ofisini. Ndivyo sheria inavyotaka."

Akaja na nyaya begani na nyundo mkononi. Gongo-gongo-gongo! Uzio ukasimama, geti likasimama. Pimbi anamfuata nyuma, mikono mgongoni.

"Mheshimiwa, mbona waya mwekundu umechubuka, na umelalia bawaba ya geti?"

"Leseni unayo?"

"Sina."

"Basi funga mdomo."

Gongo-gongo-gongo!

"Mheshimiwa, na huu wa kijani unakwenda wapi?"

"Huo ni wa urembo." Akaukata, kacha! Akaufunga kiunoni kama mkanda.

"Mheshimiwa, hivi kweli ni wa urembo tu?"

"Leseni unayo?"

"Sina."

"Basi funga mdomo!"

Mara tatu amemuuliza, mmesikia wenyewe. Mimi fundi aliyenifungia soketi nilimuuliza mara moja tu, akaniambia "mama, tulia," na jokofu langu likafa siku hiyohiyo. Naongea nikiwa na uchungu.

Mwisho Fisi akatundika kisanduku chenye taa. "Hiki ndicho king'ora."

"Mbona nikikitikisa hakina kitu ndani?"

"Kina ukali wa ndani kwa ndani. Ukitoka nyumbani, washa hii swichi. Mwizi akiona taa, atakimbia."

"Ahsante, Mheshimiwa. Tena umekuja wakati mzuri. Kesho saa saba mchana nakwenda kumtazama mgonjwa ng'ambo ya mto. Watoto watabaki peke yao."

"Nenda kwa amani," akasema Fisi. Akaondoka akiruka-ruka.

Kesho yake Pimbi akawapitisha watoto wake kwenye ufa wa jabali, akawapeleka kwa Mama Kanga.

"Dada, nishikie hawa. Na waambie wote: geti langu lisiguswe na mtu, hata kwa kidole. Mkisikia ukelele, mje mbio, na Mwenyekiti aje."

Mama Kanga akamtazama. "Ukelele utapigwa na nani? Wewe huna ruhusa."

"Mimi sitafungua mdomo."

Akarudi, akawasha swichi. Taa ikawaka, nyekundu. Akapanda juu ya jabali, akaziba mdomo kwa mikono miwili, akangoja. Je, kitabu kikiwa kimekosea?

Saa saba. Tu, tu, tu. Fisi huyo, ametoka kuvuka mto, miguu majimaji, gunia begani, ufunguo wa ofisi mkononi. Akaiona taa. "Nge-nge! Kisanduku changu kizuri." Akashika geti kwa mkono wa kushoto, akaingiza ufunguo kwa mkono wa kulia.

BZZZZZT!

"Uuuuuuwiiii! Nakufa! Uwiii! Njooni jamani! Njooniii!"

Akarushwa kule, akaangukia makalio. Manyoya yote yamesimama. Ukelele ule! Bonde halijawahi kusikia ukelele kama ule. Sungura waliingia mashimoni, kwale waliruka, vifaranga walikwenda chini ya mbawa. Nyati akaja anahema, na nyuma yake bonde zima.

"Nani amepiga ukelele wa hatari?" akauliza Nyati.

Wote wakamtazama Pimbi juu ya jabali, mikono bado mdomoni. Akatikisa kichwa.

"Nani, nauliza! Sheria ni sheria. Atahama leo hii!"

Fisi akanyanyua mkono. "Ni mimi, Mwenyekiti."

"Leseni unayo?"

"Ninayo."

"Daraja?"

"La kwanza."

"Vizuri sana," akasema Nyati. "Basi ni ukelele halali. Mwizi yuko wapi?"

Fisi akatazama kulia. Akatazama kushoto. Hakuna mtu karibu na geti ila yeye, na gunia lake, na ufunguo unaning'inia kwenye kitasa.

"Hakuna mwizi, Mwenyekiti. Nilikuja kukagua kazi yangu."

"Na gunia?"

"La kubebea... ukaguzi."

Pimbi akaondoa mikono mdomoni. "Mwenyekiti, mimi sina leseni, sikugusa hata msumari. Naomba kuuliza tu. Kazi aliyoikagua ni nzima?"

Nyati akamgeukia Fisi. "Ni nzima?"

Fisi akafikiri. Akisema mbovu, leseni imekwenda. Akisema nzima... "Ni nzima kabisa," akasema.

"Basi lishike geti tuone," akasema Nyati.

Fisi akalitazama geti. Akaitazama taa nyekundu. Akautazama mkono wake, bado unatoa moshi kidogo.

"Lishike," akasema Mama Kanga. Alisema kwa sauti ndogo, lakini kila mtu alisikia.

Fisi akainua mguu mmoja. Halafu akainua yote minne. Chwiii! Vumbi! Alikata bonde bila kugeuka, akiacha gunia, ufunguo na leseni, akipiga ukelele njia nzima, na wala hakuna aliyemkataza.

Siku hiyo swichi ilizimwa, na waya mpya wa kijani ukateremshwa ardhini kama kitabu kinavyotaka. Nyati akafuta sheria ya midomo. Pimbi akapanda jabalini akapiga, Kwi! Kwi! Kwi!, ingawa hakukuwa na hatari yoyote. Mama Kanga akajibu kutoka chini. Kifaranga wake hakurudi. Lakini alijibu.

Hadithi nimeishusha, anayeitaka aibebe, asiyeitaka aipishe njia.

Sasa mafunzo, sikilizeni vizuri maana nitauliza. Kwanza, usimsumbue fundi kwa maswali, anajua kazi yake. Pili, kitabu cha kanuni kinafaa sana kwa meza inayoyumba. Na tatu, ndilo kubwa: umeme na king'ora usimpe mtu ovyo, tafuta mwenye leseni. Mwenye leseni bonde zima alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyemla kifaranga.