Mirunda ya Minza

Waungwana, hii imenikuta njiani nami naipitisha. Mwenye mtoto aisome hadi mwisho, asiye naye ampe jirani. Mimi nimezunguka miji mingi, na karibu kila mji umebaki na jino langu moja, kwa hiyo msinitazame mdomo. Sikilizeni hadithi.

Palikuwa na fundi mwashi aitwaye Lushinge, mjenzi wa maghorofa. Sifa yake kubwa ilikuwa kwenye mirunda, ile miti inayosimamishwa chini ya zege bichi ili lisishuke. Kibarua akigusa mrunda mmoja kabla zege halijakomaa, siku hiyo hiyo anatafuta kazi kwingine.

Lushinge alikuwa na binti, Minza, ambaye hata shule hajaanza. Minza alipenda biskuti na soda, na baba yake alipenda kumwona akifurahi. Magego yakatoboka. Mtoto akawa anatafuna upande mmoja, kisha akaacha kutafuna kabisa. Akawa mtu wa uji.

"Baba Minza, tumpeleke hospitali," alisema mkewe, Limi.

"Meno ya utoto hayo. Yataanguka yenyewe, yaje mengine. Ngoja kwanza nimalize ghorofa la watu."

Shavu la mtoto likavimba. Limi akasema tena, akajibiwa vilevile. Ndipo akamwita mama yake, Bi Kabula.

Sasa mjue, kwa watu wale mama mkwe haguswi wala hapandishiwi sauti. Hata kumtazama usoni ni kazi.

Bi Kabula aliliona shavu la mjukuu, hakuketi wala hakunywa maji. Wakaongozana hadi kwenye jengo. Akamwacha Minza na mama yake barabarani, akaingia peke yake, akaokota nyundo, akasimama mbele ya mrunda. Zege la juu lilikuwa limemwagwa juzi tu.

"Shikamoo, mama," alisema Lushinge, macho chini.

"Marahaba. Huu mti ni wa kudumu?"

"Hapana, mama. Ni wa muda tu."

"Mwisho wake si utatolewa?"

"Utatolewa, zege likikomaa."

"Sasa unausumbukia nini? Ngoja nikusaidie, tuutoe leo."

Akainua nyundo.

Lushinge akasahau ukwe. Alimdaka mama mkwe wake mkono, mbele ya mafundi wote.

"Mama, usifanye hivyo. Huo ndio umebeba ghorofa. Ukitoka kabla ya wakati wake, cha juu hakitakaa sawa tena."

Lushinge akaurudisha mkono wake kama aliyeshika kaa la moto, akangoja kulaaniwa.

Bi Kabula akashusha nyundo taratibu.

"Umenishika mkono, baba, na sikudai kitu. Mti wa ghorofa la watu umeutetea hivi. Mjukuu wangu ana mirunda mdomoni inaoza, na wewe unasema itaanguka tu."

Lushinge akatoka hadi barabarani. Akawasha pikipiki, akawapakia Minza na mama yake, zege likiwa bado limemkaukia mikononi.

Hospitalini, daktari aliziba gego moja. La pili lilikuwa limeoza hadi kwenye mzizi na limetunga usaha. Hilo aling'oa.

"Lilikuwa linalilindia nafasi jino la ukubwani," alisema. "Sasa meno jirani yanaweza kuegemea pengo. Tutafuatilia, lakini siwezi kukuahidi kuwa hilo la ukubwani litaota limenyooka."

Walipofika nyumbani, Minza alifungua karatasi aliyofungiwa jino lake.

"Baba, tulirushe juu ya bati? Mjusi aniletee jipya."

Ndivyo watoto wa pale wanavyofanya jino linapotoka. Lushinge alilitazama lile jino, jeusi, limetoboka katikati. Akachuchumaa.

"Mjusi anapelekewa jino lililoanguka, mama yangu. Hili tuliliangusha sisi."

Akalitia kwenye mfuko wa ovaroli. Tangu hapo kila asubuhi humsugua Minza meno kwa mkono wake mwenyewe, ndipo aende kukagua mirunda.

Funzo: Jino la utoto litaondoka, lakini liondoke kwa wakati wake; ukiliacha lioze kwa sababu ni la muda, atakayeumia ni mtoto wa leo na mtu mzima wa kesho.