Mkono Usioitwa

Ndugu zangu, kabla hamjaanza kutafuta viatu, nivumilieni kidogo. Najua wali unapoa huko majumbani. Nina habari ya mkono mmoja, nimeitunga mwenyewe, kwa hiyo msiende kuulizana ni wa mama nani.

Kulikuwa na mama mmoja mjane, msukaji wa mikeka. Binti yake wa mwisho alikuwa amechumbiwa, na kwao binti haingii kwa mume bila mkeka uliosukwa na mama yake. Basi mama akawa anasuka ukili, ule utepe mrefu wa miaa unaoshonwa baadaye kuwa mkeka, huku akijiona tayari yuko harusini. Asubuhi moja akapigwa na kiharusi. Alipopata nafuu, mkono wa kulia ulikuwa umelala pajani kama si wake.

Watu wa mtaani wana huruma, tusiwavunjie heshima. Mkono ukakandwa kwa mafuta, ukafungwa majani, ukasomewa. Kila mtu alihangaika na mkono. Ndipo mtaalamu wa mazoezi ya viungo, pale hospitali, akamwambia, "Mama, mkono wako ni mzima. Palipoumia ni ubongo, upande wa kushoto, ndiko zinakotoka amri za mkono wa kulia. Amri hizo hupita kwenye mishipa ya fahamu mpaka vidoleni, na sasa hazitumwi."

"Hazitatumwa tena, mwanangu?"

"Ubongo unaweza kujifunza njia nyingine, kidogo kidogo. Lakini mkono usipoitwa, ubongo unauzoea ukimya wake, na mwishowe unausahau. Uite kila siku, hata usipoitika."

Mama akarudi nyumbani. Kikombe cha chai akawa ananyanyuliwa na binti, nywele anachanwa na binti. Alichobaki nacho mwenyewe ni ule ukili. Kila asubuhi aliuweka pajani, akashika mwaa kwa mkono wa kushoto, akaungoja wa kulia. Mmewahi kumngoja mtu ambaye yumo humo humo ndani? Aliutamani mkono wake kama unavyomtamani aliyesafiri bila kuaga. Akauambia, njoo. Haukuja. Siku moja kidole cha shahada kikatikisika, kikalaza mwaa mmoja juu ya mwenzake. Mmoja tu, tena kombo. Hakumwambia mtu, alitaka binti yake aje auone mkeka wenyewe.

Sasa sikilizeni wema wa watu. Majirani waliona harusi inakaribia na ukili hauendi. Binti akiwa sokoni na mama amesinzia, wakauchukua. Wakasuka, wakashona, wakarudisha mkeka umekamilika, umenyooka, unapendeza. Mama akalia. Wakapiga vigelegele, wakidhani ni furaha.

Walipoondoka, binti akamwona mama yake anauingiza ule mkono wa kulia chini ya kanga, anauficha. Akamuuliza, "Mama, hujaupenda?"

"Ni mzuri, mwanangu. Ila nilikuwa nauita mkono wangu kwa ajili ya huu. Sasa nitauitia nini?"

Nyinyi mngefanyaje? Mngemwambia, mama shukuru, kazi imeisha? Yule binti alichukua mkasi, akakata uzi, akaufumua ukili wa pembeni, miaa akairudisha pajani kwa mama yake. Akasema, "Mkeka wangu haujaisha. Nitakungoja."

Majirani walinuna, na wana haki yao. Harusi ikasogezwa, wazee wa upande wa mume wakanung'unika. Mwisho binti akaenda kwa mumewe na mkeka wenye ukingo mmoja uliopinda-pinda, wa kuchekesha. Na upande huo ndio anaolaza kichwa chake mpaka leo.

Mnadhani nazungumzia maradhi. Geukeni mtazame safu ya pili, pale penye nguzo. Kuna mwenzetu alikuwa akisimama pale, aliyekuwa akikohoa kila nikirefusha sura kwenye sala. Sitamtaja, mnamjua. Aliacha kuja tangu tulipobishana naye juu ya kipaza sauti alichokuwa akitutengenezea. Nafasi yake tuliiziba siku ile ile, bega kwa bega, kama tunavyotakiwa. Kipaza sauti tumepata fundi mwingine, hodari kumshinda. Safu imenyooka, tunapendeza.

Nani amemwita? Tunasema yule imani imemwisha. Ndugu zangu, tunaukanda mkono na mkono ni mzima. Sisi ndio tulioacha kutuma. Na kadiri tunavyofanya vizuri bila yeye, ndivyo tunavyomsahau vizuri. Labda naye kila Ijumaa anakaa na kanzu yake imepigwa pasi, anangoja asikie jina lake.

Mimi nakitamani kile kikohozi. Kilikuwa kikiniudhi, na sasa kuna siku narefusha sura makusudi, nikisikiliza.

Haya, viatu vyenu viko mlangoni. Anakaa nyuma ya mashine ya kusaga, mlango wa bluu. Leo mkishavivaa, tusiende nyumbani kwanza. Wali utapashwa moto.