Ushahidi wa Bi Umaima

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa wafinyanzi palikuwa na desturi: hawamfanyi mtu muadhini mpaka mama yake amtolee ushahidi wa tabia zake, akiwa nyuma ya pazia. Walisema kwamba mama hafichwi kitu.

Alikuwako mjane mchamungu, Bi Umaima. Tangu mwanawe Hudhaifa akiwa mchanga, alimwomba Mola asimfishe kabla ya kumsikia akiadhini mnarani. Basi muadhini wa zamani alipofariki, wazee wakamchagua Hudhaifa, kwa sauti yake nzuri na kwa kuwa hakukosa safu ya mbele.

Asubuhi ya ushahidi, Bi Umaima alikuwa jikoni akimkanda mkwewe, Lubaba, shavuni kwa kitambaa cha maji moto. Hudhaifa alikuwa amempiga jana yake kwa sababu ya mchuzi uliopoa, na haikuwa mara ya kwanza.

"Mama, wakiniulizia, sema niliteleza kisimani," Lubaba alinong'ona. "Umeingoja siku hii miaka mingapi?"

"Tulia, mwanangu, usilisumbue shavu. Ulimi huu una miaka sitini ukimtaja Mola. Leo niulishe uongo? Nikisema kweli, utaniwia radhi?"

Lubaba akalia, kisha akainamisha kichwa kukubali.

Wazee wakafika. Mkubwa wao, Sheikh Mundhiri, alikuwa mtu wa utani. "Haya, Bi Umaima, tueleze. Tusije tukasikia kwamba aliiba tende za msikiti!"

"Aliziiba, sheikh wangu, na nusu nilizila mimi."

Wakacheka. Bi Umaima akalishika pazia la mlango wa jikoni. Alijua kwamba kwa neno linalofuata ataizika dua yake mwenyewe.

"Ana sauti nzuri, na ananitii," akasema. "Lakini anampiga mkewe. Jana amempiga. Msimpandishe mnarani."

Wazee wakaondoka, hata kahawa hawakuigusa. Hudhaifa akaingia jikoni amefura. "Mama, umeniaibisha!"

Bi Umaima akamshika mkono wa kulia. "Mkono huu niliuosha mimi ulipokuwa hauwezi kushika hata yai. Naupenda, baba. Siwezi kuuacha uende motoni, mimi naangalia tu."

Hudhaifa akalia, akamgeukia mkewe kumwomba msamaha.

"Nimekusikia," Lubaba akamwambia. "Lakini nakwenda kwa kaka yangu. Nitarudi siku nitakayoacha kukuogopa."

Bi Umaima akajitwika mzigo wa mkwewe, akamsindikiza mwenyewe, wameshikana mikono njia nzima.

Hudhaifa akakiri kosa lake mbele ya wazee, akasubiri. Lubaba alirudi baada ya mwaka, kwa hiari yake, wala hakuinuliwa mkono tena. Mnarani alipanda mtu mwingine. Na Sheikh Mundhiri akaibadili desturi: kabla ya mama kuulizwa, huulizwa mke, akiwa kwa jamaa zake, mume hayupo.

Bi Umaima, Mungu amrehemu, alifariki bila kuisikia adhana ya mwanawe. Lakini aliyemshika kichwa, akamtamkisha shahada ya mwisho, alikuwa Lubaba.

Enyi wazazi wenzangu, tuwapende wana wetu mpaka tuweze kusema kweli juu yao. Na binti wa watu aliye nyumbani mwetu, tumhesabu kuwa amana tutakayoulizwa.